Kurkumini ya manjano kwenye nanoemulsheni: jinsi ya kuitengeneza, kuipima na kujua kama itafyonzwa

Tia kijiko cha unga wa manjano kwenye glasi ya maji, koroga, iache nusu saa. Maji yatabaki na rangi hafifu na unga utakuwa umetuama chini. Tumboni mambo huenda vivyo hivyo. Kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, hukaribia kutoyeyuka kabisa kwenye maji yenye asidi kama ya tumbo, na kisichoyeyuka hakipiti kwenye ukuta wa utumbo. Nanoemulsheni ni njia ya kuiingiza ikiwa tayari imeyeyuka: dawa inakaa ndani ya vitone vya mafuta vyenye kipenyo cha nanometa 20 hadi 200, vilivyosambaa kwenye maji na kuzungushiwa safaktanti, yaani kile kitu chenye upande mmoja unaopenda mafuta na mwingine unaopenda maji, kama sabuni.

Mwongozo huu ni kwa wanaofanya kazi kwenye maabara za famasia, kemia na teknolojia ya chakula. Kurkumini inafaa kujifunzia kwa sababu inapatikana kirahisi, rangi yake inapimika kwa spektrofotometa ya kawaida, yaani kifaa cha kupima mwanga unaomezwa na kimiminika, na ina karibu kila udhia ambao dawa ya mmea inaweza kuwa nao. Haikuchaguliwa kwa sababu imethibitika kutibu. Sehemu kubwa ya sifa zake inatoka kwenye majaribio ya seli, na huko molekuli hii inajulikana kwa kuvuruga vipimo: inang'aa yenyewe na inashikana ovyo na protini. Ukishaimudu, njia ileile utaitumia kwa artemisinini, kwersetini na nyingine za jamii hiyo, ukibadilisha mafuta na namba.

Vizuizi vitatu, na kipi kinaondoka

Cha kwanza ni kuyeyuka. Cha pili ni kudumu: kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7.2 na nyuzi 37, takribani asilimia 90 ya kurkumini huharibika ndani ya dakika 30. Kwenye asidi inadumu zaidi sana. Cha tatu ni kimetaboliki: seli za ukuta wa utumbo na za ini huikamata kurkumini na kuipachika asidi ya glukuroniki au salfeti, kisha mwili unaitupa nje.

Nanoemulsheni hufungua kizuizi cha kwanza vizuri, hupunguza makali ya cha pili, na cha tatu inakigusa kidogo tu. Weka hilo kichwani kabla hujaandika pendekezo la utafiti, kwa sababu mengi yanayodaiwa kuhusu "ufyonzwaji mara kumi" yamejengwa juu ya kusahau kizuizi cha tatu.

Vitone vidogo vinasaidia kwa njia hii. Mililita 1 ya mafuta ikigawanywa kwenye vitone vya mikrometa 10 ina eneo la uso la mita za mraba 0.6. Ikigawanywa kwenye vitone vya nanometa 100, eneo ni mita za mraba 60. Lipesi ya kongosho, kimeng'enya kinachosaga mafuta, hufanya kazi juu ya uso wa mafuta, kwa hiyo vitone vidogo husagwa haraka, na mazao yake, asidi za mafuta na monogliseridi, huungana na chumvi za nyongo kutengeneza miseli, yaani vifurushi vidogo sana vinavyoelea kwenye maji. Miseli ndiyo inayoibeba kurkumini hadi kwenye seli. Michoro inayoonyesha kitone kizima kikipenya ukuta wa utumbo inapendeza kwenye mabango ya mikutano, lakini mara nyingi kitone husagwa kabla hakijafika.

Anza na hesabu, sonikata itasubiri

Kosa la kawaida ni kukimbilia mashine, hasa sonikata, ile inayopasua vitone kwa mawimbi ya sauti. Swali la kwanza ni hili: gramu 1 ya mafuta yako inayeyusha miligramu ngapi za kurkumini kwenye joto la chumba? Pima mwenyewe, kwa sababu jibu hubadilika kulingana na mafuta, usafi wa kurkumini na joto.

Chukua MCT, yaani mafuta ya mnyororo wa kati yanayotokana na mafuta ya nazi au ya mawese ya kokwa. Mafuta ya nazi ya kawaida huganda chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo kila mpishi wa Pwani analijua, ila MCT hubaki kimiminika hata kwenye jokofu la vinywaji. Weka gramu 5 kwenye chupa yenye kizibo cha kusokota, ongeza miligramu 100 za kurkumini, funga karatasi ya alumini kuzuia mwanga, tikisa kwenye nyuzi 25 kwa saa 48. Lazima unga ubaki chini bila kuyeyuka. Usipobaki, hujafikia ukomo, ongeza tena. Zungusha kwenye sentrifuji kwa mizunguko 10,000 kwa dakika kwa dakika 15. Chota gramu 0.1 ya mafuta ya juu.

Hapa wengi hujikwaa. Ukiyatia mafuta moja kwa moja kwenye methanoli yanajitenga na kipimo kinakuwa cha uongo. Yayeyushe kwanza kwenye isopropanoli hadi mililita 10, kisha chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo na uongeze ethanoli hadi mililita 20. Soma kwenye nanometa 425, ukitumia mafuta yasiyo na dawa yaliyopitia hatua zilezile kama kipimo tupu. Mstari wako wa kulinganishia uwe wa mikrogramu 1 hadi 5 kwa mililita. Ethanoli yenye mikrogramu 5 kwa mililita ya kurkumini safi husoma karibu 0.80 kwenye kiseli cha sentimita 1, ukipata 0.6, shaka kwanza usafi wa unga au upimaji wa mizani.

Unga ulioandikwa asilimia 95 una ndugu watatu ndani yake, na kurkumini yenyewe huwa takribani robo tatu hadi nne kwa tano ya mchanganyiko huo. Waite "kurkuminoidi" kwenye ripoti, au tumia HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizochanganyika, uwatenganishe. Unga wa manjano wa sokoni usiutumie kama chanzo: manjano makavu yana asilimia 2 hadi 5 tu ya kurkuminoidi, na huko Bangladesh iligundulika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyapaka kromati ya risasi yang'ae. Risasi haionekani kwenye nanometa 425.

Tuseme umepata miligramu 5 kwa gramu ya mafuta. Sasa piga hesabu ya dozi. Nanoemulsheni yenye mafuta asilimia 10 itabeba miligramu 0.5 kwa kila gramu. Dozi ya miligramu 50 inahitaji kunywa gramu 100. Ikiwa ndani yake kuna asilimia 5 ya Tween 80, safaktanti ya jamii ya polisobeti, mgonjwa amekunywa gramu 5 za Tween. Kiwango cha polisobeti kinachokubalika kwa siku kwenye chakula ni miligramu 25 kwa kilo ya uzito, yaani gramu 1.5 kwa mtu wa kilo 60. Umeshakipita mara tatu na zaidi kabla hujawasha mashine yoyote. Kiwango hicho ni cha chakula cha maisha yote, si cha dawa ya wiki moja, lakini ni kipimo kizuri cha kujihoji. Hesabu hii ya mistari minne ndiyo inayoamua kama utaendelea na emulsheni ya kunywa, utashusha dozi, au utahamia kwenye kapsuli iliyoelezwa mbele.

Mahitaji ya gramu 100

Upande wa mafuta: MCT gramu 10, kurkumini miligramu 40, vitamini E (alfa-tokoferoli) miligramu 20. Angalia kwamba 40 si 50. Usijaze mafuta hadi ukomo. Asilimia 80 ya umumunyifu uliopima ni kiwango cha usalama.

Upande wa maji: Tween 80 gramu 5, sorbeti ya potasiamu gramu 0.1, na bafa ya sitreti ya milimola 10 yenye pH 5.0 hadi ifike gramu 90. Kuandaa lita 1 ya bafa, yeyusha gramu 2.10 za asidi ya sitriki yenye molekuli moja ya maji kwenye maji yaliyoondolewa ioni, rekebisha pH kwa hidroksidi ya sodiamu ya mola 1, kisha jaza hadi lita. pH 5 inahudumia mambo mawili kwa mpigo: kurkumini inatulia, na sorbeti inafanya kazi ya kuzuia ukungu, kazi ambayo inaiacha pH ikipanda juu ya 6.

Tween iwe mpya. Chupa iliyokaa wazi miaka miwili juu ya rafu hujaa peroksidi, na hizo huila kurkumini polepole wakati wewe unalaumu mwanga.

Utengenezaji

Pasha MCT hadi nyuzi 60 kwenye kikorogeo cha sumaku, mia tano za mizunguko kwa dakika. Ongeza vitamini E, halafu kurkumini kidogokidogo. Endelea dakika 30 hadi 60, chombo kikiwa kimefungwa alumini. Mafuta yatakuwa ya rangi ya machungwa iliyo angavu. Yaache yapoe na yalale usiku mzima kwenye joto la chumba. Asubuhi weka tone chini ya hadubini yenye mwanga wa polaraizi. Ukiona vijiti vinavyong'aa, hayo ni mafuwele: joto la jana liliyeyusha zaidi ya kile ambacho mafuta baridi yanaweza kushika. Punguza kurkumini uanze upya. Usiku huo mmoja wa kusubiri unaokoa miezi, maana mafuwele yasiyoonekana leo yatajitokeza kwenye chupa wiki ya tatu, ukiwa umeshamaliza vipimo vyote.

Yeyusha Tween na sorbeti kwenye bafa kwa dakika 30 bila kutia povu. Thibitisha pH tena baada ya sorbeti, kwani huipandisha kidogo.

Mimina mafuta juu ya maji huku ukikoroga, kisha tumia homojenaiza ya meno kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, dakika 3. Kichwa cha homojenaiza kizame chini ya uso. Kikiwa juu kitavuta hewa, na povu la Tween halishuki upesi. Utapata kitu kama maziwa ya manjano, vitone vya mikrometa chache. Hii ndiyo emulsheni mbichi. Usiiache ikae, nenda hatua inayofuata papo hapo.

Gawa mafungu ya mililita 50 kwenye bika nyembamba, uizamishe ndani ya barafu yenye maji. Sonikata ya kilohezi 20 yenye ncha ya milimita 13, ncha ikizama sentimita 1 hadi 2, isiguse kuta. Washa sekunde 5, zima sekunde 5, hadi muda wa kuwaka utimie dakika 10. Chukua sampuli ndogo dakika ya 2, 5, 7 na 10 na uzipime: vitone hupungua haraka mwanzoni, kisha hufika mahali havipungui tena. Ukifika hapo simama. Kuongeza muda kunapasha tu joto na kunaweza kuvikuza vitone, kwa kuwa vinagongana haraka kuliko Tween inavyowahi kuvifunika. Joto lisivuke nyuzi 40. Kipimajoto kiwe ndani ya bika lenyewe, maana barafu iliyo nje hudanganya.

Ncha ya sonikata huacha chembe za titani. Zungusha bidhaa kwa nguvu ya g 1,000 kwa dakika 10 na utupe masalio ya chini. Mwenye mashine ya shinikizo la juu aitumie badala ya sonikata: baa 1,000, mizunguko 3 hadi 5, ukipoza kati ya mzunguko na mzunguko. Haina titani, inatoa vitone vinavyolingana zaidi, na mara nyingi Tween inaweza kushushwa hadi gramu 2.

Pitisha kwenye kichujio cha mikrometa 0.45, lakini pima ukubwa wa vitone kabla na baada ya kuchuja. Kichujio huondoa vitone vikubwa na kuficha kosa la utengenezaji. Jaza chupa za kioo cha kahawia hadi shingoni, sukuma hewa kwa naitrojeni kama ipo, na zigawe kwenye nyuzi 4, 25 na 40.

Kusoma vipimo bila kujidanganya

Kwa mashine ya kutawanya mwanga, zimua mara 100 kwa bafa ileile, si kwa maji matupu. Lenga wastani chini ya nanometa 200 na kielelezo cha mtawanyiko, yaani namba inayoonyesha vitone vinavyotofautiana ukubwa, chini ya 0.25. Nanometa 150 huonekana kama maziwa. Ukishuka karibu na 50 kimiminika huanza kupitisha mwanga. Usikimbizane na udogo kwa ajili ya sifa. Kutoka 150 hadi 80 kunagharimu Tween nyingi, na faida yake utumboni ni ndogo kuliko ile ya kutoka mikrometa 5 hadi 150.

Chaji ya uso huwatia watu homa bure. Vitabu husema milivolti 30 au zaidi ndiyo uthabiti, lakini kanuni hiyo ni ya vitone vinavyosukumana kwa umeme. Tween haina chaji. Inalinda kwa minyororo yake mirefu inayozuia vitone visikaribiane. Milivolti hasi 5 hapa ni kawaida kabisa.

Kiasi cha dawa kilichomo ndani ya vitone nacho kina mtego. Ripoti nyingi huchuja kwenye utando wa matundu madogo sana (kilodalton 100), hupima maji yaliyopita, hukuta hakuna kitu, kisha huandika "asilimia 99 imefungwa". Bila shaka maji hayana kitu: kurkumini haiyeyuki humo. Iliyokosa nafasi kwenye mafuta imegeuka fuwele, na fuwele nazo hazipiti utando. Njia ya haki ni kupima jumla ya kurkumini kwenye emulsheni, kuizungusha kwa upole ili mafuwele yatuame, kupima tena sehemu ya juu, na kuangalia masalio kwa hadubini ya polaraizi.

Ikiharibika

Utando wa manjano mzito juu ya chupa baada ya siku chache maana yake una vitone vikubwa. Kitone cha nanometa 100 cha MCT hupanda takribani milimita 0.02 kwa siku, na msukosuko wa molekuli za maji unatosha kukirudisha. Cha mikrometa 10 hupanda zaidi ya sentimita 20 kwa siku. Rudi kwenye homojenaiza.

Vitone vikikua taratibu lakini vikibaki na ukubwa unaolingana, huo ni uhamaji wa Ostwald: mafuta ya vitone vidogo yanapenya kwenye maji na kuhamia kwenye vikubwa. Chora nusukipenyo kilichopandishwa kipeo cha tatu dhidi ya muda. Mstari ulionyooka unathibitisha. MCT haina sana tatizo hili kwa sababu haiyeyuki kwenye maji. Ila mwenye hamu ya kutumia mafuta ya karafuu ya Pemba peke yake atalipata ndani ya saa au siku chache, kwani eujenoli inayeyuka kwenye maji kiasi cha kutosha kusafiri. Dawa yake ni kuyachanganya na MCT au mafuta ya mahindi kabla ya kuemulsisha.

Rangi ikiegemea wekundu, pH imepanda. Ni kemia ileile ya manjano yakikutana na chokaa au magadi. Kagua bafa na chombo kilichooshwa kwa sabuni kali. Rangi ikipauka bila kugeuka nyekundu, shuku mwanga, peroksidi au chuma. EDTA asilimia 0.01 hushika chuma.

Nukta za machungwa chini ya chupa ni mafuwele, yaani uliijaza mno. Hakuna mashine inayorekebisha hilo.

Kwa mtihani wa haraka kabla ya miezi mitatu ya kusubiri: sentrifuji ya mizunguko 3,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 30, kisha mizunguko sita ya nyuzi 4 na 45, saa 48 kila joto. Kugandisha kwenye hasi 20 kunavunja emulsheni nyingi za Tween, kwa hiyo andika "isigandishwe" kwenye lebo badala ya kuhangaika nayo.

Kapsuli inayojiemulsisha yenyewe

Hesabu ya dozi ikikataa, au kama maabara haina sonikata wala shinikizo la juu, ondoa maji kabisa. Changanya mafuta, safaktanti na kiyeyushi saidizi viwe kimiminika kimoja. Kitajigawa kuwa nanoemulsheni kikikutana na maji ya tumbo. Pahala pa kuanzia ni monogliseridi za mnyororo wa kati gramu 2, safaktanti (Kolliphor EL au Tween 80) gramu 5, na kiyeyushi saidizi PEG 400 gramu 3. Monogliseridi hizi na PEG huyeyusha kurkumini zaidi ya MCT. Anza na miligramu 20 kwa gramu, na upime ukomo kama ulivyopima kwenye mafuta. Pasha nyuzi 40, koroga hadi iwe angavu, acha saa 48 uone kama kuna mafuwele.

Dozi ya miligramu 50 sasa ni gramu 2.5 za mchanganyiko, zenye safaktanti gramu 1.25. Linganisha na gramu 5 za awali. Na kwa kuwa hakuna maji, kurkumini hudumu zaidi.

Jaribio lake ni rahisi. Dondosha gramu 1 kwenye mililita 250 za asidi ya haidrokloriki ya mola 0.1, nyuzi 37, pedali ikizunguka mara 50 kwa dakika. Iliyo nzuri husambaa ndani ya dakika moja na kuacha kimiminika angavu chenye kivuli cha buluu. Kurkumini yenyewe ina rangi ya manjano, kwa hiyo buluu utaiona tu kwenye mchanganyiko usio na dawa. Usiishie hapo. Iache saa 2, chuja kwa mikrometa 0.45, pima kilichopita. PEG huyeyuka kwenye maji na kuiacha kurkumini bila makao, nayo hutuama. Ikishuka chini ya asilimia 80 ndani ya saa 2, punguza PEG, ongeza mafuta, au tia HPMC, polima inayotokana na selulosi, asilimia 1 hadi 2 kuchelewesha mafuwele. Rudia kwenye bafa ya pH 6.8.

Kapsuli za jelatini hukauka na kupasuka kwa sababu PEG huvuta maji kutoka kwenye ganda. Ziangalie baada ya wiki mbili kwenye joto la chumba kabla hujajaza mia.

Tumbo la kioo

Kabla ya mnyama yeyote, pitisha sampuli kwenye usagaji bandia wa INFOGEST, utaratibu wa kimataifa wa kuiga usagaji wa chakula maabara: tumbo kwa pH 3, saa 2, pepsini yuniti 2,000 kwa mililita, kisha utumbo kwa pH 7, saa 2, pankreatini yenye tripsini yuniti 100 kwa mililita, na chumvi za nyongo milimola 10. Mashine ya kushikilia pH ikionyesha hidroksidi inayotumika, utajua asidi za mafuta zilizotoka. Kila molekuli ya mafuta (trigliseridi) hutoa asidi mbili.

Mwisho zungusha kwenye sentrifuji ya kasi, chukua tabaka la katikati lenye miseli, pima kurkumini. Pima pia kurkumini yote iliyosalia kwenye chupa nzima. Nusu yake inaweza kuwa imekufa kwa pH 7, na ukigawanya kwa kiasi ulichoanzia badala ya kilichosalia utapata picha tofauti. Ripoti zote mbili: iliyodumu, na iliyoingia kwenye miseli.

Swali la mafuta ya mnyororo mrefu au wa kati huibuka hapa. Mafuta marefu kama ya alizeti hupita njia ya limfu na kulikwepa ini, hivyo wengi huyapendekeza kwa kila dawa ya mmea. Lakini njia ya limfu huibeba dawa vizuri pale logi P yake, kipimo cha jinsi inavyopenda mafuta kuliko maji, inapozidi 5 na inapoyeyuka sana kwenye trigliseridi, zaidi ya miligramu 50 kwa gramu. Kurkumini ina logi P karibu 3 na umumunyifu wa miligramu chache. Kwake MCT ni chaguo la busara. Kwa likopini ya nyanya ungefanya kinyume.

Damu

Kwa panya, baada ya kibali cha maadili cha taasisi yako, kikundi cha kulinganishia kipewe kurkumini ileile, dozi ileile, iliyotikiswa kwenye kaboksimethili selulosi asilimia 0.5. Ongeza kikundi cha tatu chenye mafuta na Tween bila kufanywa nanoemulsheni. Bila hicho hutajua kama faida ni ya udogo wa vitone au ni ya Tween tu. Plazma itiwe asidi mara inapotengwa, vinginevyo kurkumini huharibika ukisubiri HPLC.

Halafu andika waziwazi ulichopima. Maabara nyingi hutia glukuronidesi kwenye plazma kabla ya kupima. Kimeng'enya hicho hung'oa asidi ya glukuroniki na kuirudisha kurkumini huru, kwa hiyo namba kubwa inayopatikana ni ya kurkumini ambayo mwili ulishaifunga. Pima bila kimeng'enya na ukiwa nacho, chapisha zote.

Kizuizi cha tatu kina ufunguo wake: piperini ya pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba miligramu 20 za piperini pamoja na gramu 2 za kurkumini ziliongeza kiasi kinachofika kwenye damu ya watu kwa asilimia 2,000. Ila piperini haichagui. Hupandisha pia fenitoini na nevirapini, na kwenye nchi zenye watu wengi wanaotumia dawa za kifafa na za kufubaza VVU hilo si jambo la kupachika kwenye bidhaa kimyakimya.

Na ufyonzwaji ukipanda, madhara nayo hupanda. Kiwango cha kurkumini kinachokubalika kwenye chakula ni miligramu 3 kwa kilo, yaani 180 kwa mtu wa kilo 60, na kiliwekwa kwa kufikiria kurkumini isiyofyonzwa vizuri. Visa vya homa ya ini kutokana na vidonge vya manjano vimeripotiwa Italia, Marekani na Australia, vingi kwa bidhaa zilizoongezewa piperini au zilizotengenezwa zifyonzwe zaidi. Kinachotoka kwenye bika lako kibaki maabara. Kikikusudiwa kwa watu, safari inapitia mamlaka ya dawa: TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, na miongoni mwa watakayouliza ni takwimu za uthabiti kwenye nyuzi 30 na unyevu wanaoutaka wao, kwa hiyo weka chupa kwenye kabati la joto hilo tangu fungu la kwanza.